Umemtoa Nani?

Simu ya Semuto ililia nikiwa na pipeti mkononi.
Nikaibana kati ya shavu na bega, nikasema upesi:
Niko kazini, mama. Nabomoa kuta za seli.
Neno la Kiganda sikuwa nalo, nikaazima la Kiswahili.

Kimya. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeogopa majirani:
Umemtoa nani?

Kiswahili cha mama ni maneno sita,
yote aliyaokota kwenye vizuizi vya barabarani:
simama, kipande, lala, chini, twende.
Na seli. Hilo alilipata mwaka wa themanini na tatu,
alipobeba sufuria ya matooke hadi lango la kambi
siku tisa mfululizo.
Siku ya kumi walimrudishia sufuria.

Si seli hiyo, mama.
Hii ni chumba cha jani, kidogo mno,
maelfu hutosha katika tone la jasho.
Kila kimoja kina ukuta, na kuta hizo ndizo
humsimamisha mgomba asishindwe na mkunguwe.
Naziloweka usiku kucha, gizani, katika maji ya vimeng'enya;
vinatafuna kama mchwa kwenye mwimo wa mlango
hadi abaki mwenye nyumba peke yake:
duara, utando mtupu, anatetemeka.
Sukari ikipungua kidogo tu majini, anapasuka.
Jumatatu nilipasua laki tatu,
nikaenda kunywa chai.

Nakitembe ya nyuma ya jiko, ile iliyozikiwa kondo langu,
uliikata mwenyewe Machi, kwa panga ulilochoma moto kwanza.
Shina lilitoa usaha wa manjano.
Ulihesabu visiki sitini na moja, ukakaa juu ya cha mwisho.
Na mgomba wetu hauna mbegu:
hauposi, hauposwi, hujizaa wenyewe
pamoja na ugonjwa wake.
Yuko binamu yake wa porini, kiwotoka hakimgusi,
ila tunda lake limejaa kokoto, meno hayapiti.
Kwa njia ya ua hawa hawataoana kamwe.

Basi wote wawili nimewavua kuta.
Nimewalaza ubavu kwa ubavu,
nikatia dawa nzito kama mlenda wa bamia.
Ongom aliniita kwenye hadubini, hakusema kitu, alinipisha tu:
mbili zimegusana,
zikabanana kiunoni kama tarakimu ya nane,
kisha kiuno kikasahau kilikuwa cha nani.

Saa nane umeme ukakatika Kawanda nzima.
Ongom akakimbilia jenereta, akajikwaa, akatukana kwa Kilango.
Mimi nilibaki na sahani nne kifuani chini ya koti
kama mama kuku, nikiona haya mbele ya giza.

Siku ya tatu nilitia rangi.
Ukingoni mwa moja uliwaka mstari wa buluu,
mwembamba kama uzi wa buibui asubuhi.
Imeanza kujenga tena, mama. Hakuna aliyeiagiza.
Tumeizungushia seli walezi, zinailisha,
lakini ukuta inajenga yenyewe.

Ijenge tena kwa nini, na wewe umeshaitoa?

Kwa sababu ikiwa uchi haigawanyiki.
Haiwi mti.
Hukaa tu inasubiri kupasuka.

Nikamsikia anavuta pumzi, upande wa pili wa simu,
kuku wakigombana miguuni pake.
Alipozungumza hakumtaja baba. Aliuliza:
Na hiyo iliyoungana,
kitovu chako kiko upande upi?

Sikujua. Bado sijui.
Huenda ikazaa kokoto, huenda isizae,
huenda isifike hata kwenye chungu cha udongo;
nyingi hazifiki.
Nikamwambia ni miaka, mama, si miezi.

Shimo nimeshachimba, akasema.
Si nyuma ya jiko. Pale hapajapona.
Kule juu, karibu na njia ya lango,
nimelifunika kwa sufuria.